Muhuri wa Kiazi

Jumatatu, 9 Juni

Kikao cha walimu saa nne. Chai ya rangi, kitafunwa hakuna. Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba Jumatatu ijayo anakuja mkaguzi. Anataka kuona somo moja tu, linalofundishwa kwa zana zilizotengenezwa kwa vitu vya kila siku: makopo, maboksi, vizibo, mabaki ya nyumbani. Mwalimu atakayemridhisha atapelekwa chuo cha ualimu kwa wiki mbili, akawafundishe walimu wenzake. Atapewa chumba chake mwenyewe. Kitanda. Mlango unaofungwa kwa ndani!

Mwalimu wa hesabu alinyoosha mkono kabla sentensi haijaisha. Huyu tunamwita Bikari, kwa sababu ni mwembamba, ana miguu mirefu, na akisimama mahali lazima azunguke. Akasema ana vizibo mia tatu vya chupa, ameshavitenga kwa rangi. Mia tatu. Mtu mzima na ndevu zake.

Nikajikuta nimesimama. Nikasema mimi, mwalimu wa sanaa, nimekuwa nikitengeneza vibao vya kuchapia na wanafunzi wangu kwa miaka. Viazi, soli za kandambili, uzi, visanduku vya kiberiti. Unachonga umbo, unalipaka rangi, unaligandamiza kwenye karatasi, picha inatoka. Mara mia ukitaka, picha ile ile. Haya yote niliyasoma mwezi uliopita kwenye ukurasa wa gazeti uliofungiwa sabuni. Sijawahi kuchapa kitu maishani.

Mkuu alinitazama kwa muda. Akauliza mbona hajawahi kuona hata kibao kimoja. Nikamjibu kwamba debe tupu ndilo linalovuma. Akanipa nafasi: Darasa la Tano, Jumatatu saa tatu. Bikari akawekwa akiba. Alizunguka mara mbili kabla ya kukaa.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, sebule yetu ndiyo ofisi yake. Bila kuinua mguu kwenye pedeli akasema katika miaka kumi na mitatu ya ndoa, chapa pekee aliyoiona kutoka kwangu ni ya vidole, ukutani, kando ya swichi. Akanikumbusha pia kwamba nina barua mbili za onyo. Ya kwanza kwa ajili ya kwaya, ya pili kwa ajili ya mbuzi wa shule. Ya tatu ni uhamisho wa mbali, na wateja wake hawahamishiki. Nikamwambia ondoa shaka, mama.

Ndivyo nilivyomwambia pia wakati wa mbuzi.

Jumanne, 10 Juni

Nimechukua viazi vitano jikoni. Mke wangu alikuwa amevihesabu, lakini hilo nimelijua baadaye.

Nimefika mapema, nimekata kiazi kimoja nusu, nimechonga jani. Nikalipaka wino kwa pedi ya muhuri wangu wa NIMEONA, ule ninaoupiga kwenye madaftari ya wanafunzi bila kuona. Nikagandamiza. Jani! Na mishipa yake! Nimechapa majani kumi na manane pembeni mwa ratiba ya zamu. Kumbe nina kipaji. Ajabu jinsi uongo unavyogeuka ukweli ukiupa siku moja tu.

Tatizo ni karatasi. Darasa lina wanafunzi arobaini na mmoja. Nikaenda stoo. Mtunza stoo ni mzee mmoja ambaye jina lake la kuzaliwa limeshasahaulika. Tunamwita Hakuna, kwa kuwa ndilo jibu lake. Nikaomba rimu moja. Hakuna. Nikamwonyesha rimu nne nyuma yake, na ya tano aliyoikalia. Akarudia neno lake, akanyoosha kidole kwenye tangazo ukutani: kila ombi liwe la maandishi na liwe na muhuri wa shule.

Muhuri uko kwenye droo ya Mkuu. Droo ina kufuli. Mkuu yuko mkutanoni, ofisi ya elimu, harudi hadi kesho. Nilisimama koridoni, mkono mfukoni. Mfukoni mlikuwa na nusu ya pili ya kiazi.

Shetani hakuja na mapembe. Alikuja na maganda.

Nikawapa Darasa la Tano aya ndefu ya kunakili, kuhusu usafi wa meno. Nikakaa nyuma ya meza nikachonga saa nzima, kwa wembe na sindano ya mke wangu. Duara. Mwenge katikati. Jina la shule kuzunguka, herufi zote nimezigeuza kinyumenyume, maana kibao kikichapa kinageuza. Mfano nilikuwa nao: muhuri halisi kwenye barua yangu ya pili ya onyo. Barua za onyo nazo zina faida zake.

Nikaupiga kwenye ombi langu. Ulitoka mzuri kuliko wenyewe. Wenyewe umechakaa, wangu unasomeka.

Hakuna aliligeuza lile ombi juu chini. Akalisogeza dirishani. Akalinusa! Kisha akanyanyuka, akanipa rimu aliyokuwa ameikalia. Ilikuwa na joto. Muhuri nimeuhifadhi kwenye kopo la chaki, kwa matumizi ya baadaye.

Jumatano, 11 Juni

Jana niliwaagiza wanafunzi walete kandambili kuukuu. Soli ya mpira inachongeka kwa wembe kama papai, na haiozi. Wameleta ishirini na tatu. Zote za mguu wa kushoto isipokuwa mbili. Kuukuu zilikuwa nne. Moja ilikuwa bado na bei yake. Nilipokuja kuzikagua zilikuwa tayari zimechongwa nyota, samaki, maua na herufi moja ya M.

Saa tano akatokea mama mmoja mlangoni, mguu wa kulia una kandambili, wa kushoto mtupu. Nyuma yake wazazi wengine sita, wanachechemea kwa mtindo mmoja, kama gwaride. Nikawaeleza kwamba elimu ni ushirikiano kati ya mwalimu na mzazi. Yule mama akauliza kama ushirikiano huo ni wa miguu yote miwili au mmoja tu. Nikawarudishia. Wakavaa hapo hapo, wakaenda zao. Njia ya vumbi kutoka getini sasa ina nyota na samaki, kila hatua ya pili.

Somo lenyewe. Naweza kusema kweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: lilikuwa somo zuri. Wamechapa kwa vizibo. Wamechapa kwa gunzi la hindi lililoviringishwa, likatoka kama zulia. Wamepaka rangi jani la kweli wakaligandamiza, likatoka bora kuliko langu la kiazi, jambo ambalo sikulipenda.

Kuna msichana mmoja tunayemwita Swali, kwa sababu hana sentensi ya aina nyingine. Kuuliza anauliza, lakini kuchora hachori. Ukimpa karatasi anairudisha ilivyo, nyeupe. Anasema mkono wake hausikii. Leo alipaka gundi juu ya kisanduku cha kiberiti, akaulaza uzi juu yake, akauzungusha polepole, ulimi nje. Ulipokauka akaupaka rangi, akachapa. Samaki. Akachapa tena. Samaki yule yule, na jicho lake. Akayageuza macho kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyewaumba samaki wote. Nilihisi kitu kifuani.

Kiungulia, nadhani.

Kasoro ni moja. Rangi yetu ni ya unga, inakorogwa na maji kwenye ndoo. Kwenye kiazi inashika. Kwenye mpira haishiki kabisa, inajikusanya matone kama maji juu ya jani la mgomba, na chapa inatoka madoa matupu. Swali aliuliza kwa nini. Nikasema ni mtindo.

Rimu imekwisha. Nimeandika ombi la pili. Muhuri umelegea kidogo na una harufu, lakini umechapa. Hakuna akanusa tena.

Alhamisi, 12 Juni

Wazo! Bango la kumkaribisha mkaguzi, lililochapwa kwa herufi kubwa za mpira. Baada ya mambo ya jana nimeogopa kandambili za watu. Nimetumia zangu na za mke wangu, kushoto na kulia, pasiwe na upendeleo.

Nimekata herufi kumi na moja, nimezibandika kwenye ubao mrefu: KARIBU MGENI. Wanafunzi wanne wakapaka rangi, wakarudia na kurudia mpaka ikashika kwa kulazimishwa. Tukageuza ubao juu ya karatasi za manila zilizoungwa. Nikapanda juu ya ubao, nikatembea toka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayepima kiwanja. Tukafunua.

INEGM UBIRAK.

Swali akauliza ni lugha gani.

Sielewi. Juzi niligeuza herufi ndogo nyingi kama kunguni, sikukosea hata moja. Leo kubwa kumi na moja zote nimezisahau. Nadhani ni kwa sababu ilikuwa kazi halali. Kazi halali mkono unalegea.

Nikawaambia nimefanya kusudi. Nikasema hili ni bango la kusomwa kwenye kioo, mbinu mpya, hukuza ubongo wa mtoto pande zote mbili. Mungu si Athumani, Bikari alikuwa anapita dirishani. Akasimama. Akazunguka. Akaingia bila hodi akiwa ametoa macho, akapaza sauti kwamba A, I, M na U hazijabadilika! Mhimili wa ulinganifu! Akasema hiyo ndiyo mada yake muhula huu, ameitafutia mfano hajapata, akaomba ruhusa alete vioo siku ya ugeni. Nikamruhusu kwa upole mkubwa. Moyoni nilikuwa nacheka. Mshindani wangu amejigeuza mchukuzi wangu wa vioo, na ameshukuru juu yake!

Ombi la tatu: gundi. Muhuri ulitaka kugoma. Umekunjamana kama uso wa bibi aliyeonja ndimu. Nikaugandamiza kwa nguvu zote. Hakuna hakunusa leo. Alilipokea ombi kwa ncha za vidole.

Mke wangu ameuliza kandambili zake ziko wapi. Nimemwambia ziko kwenye maonyesho.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeitwa ofisini kabla ya kengele. Ndani kulikuwa na Mkuu, Hakuna, na Bikari akiwa ameshika rula. Mezani, karatasi tatu zimepangwa safu moja. Maombi yangu.

Mkuu hakufoka. Heri angefoka. Alimwambia Bikari apime. Bikari akapima, kwa utulivu wa mtu aliyezaliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Muhuri wa Jumanne, sentimita nne kamili. Wa Jumatano, tatu na nusu. Wa jana, tatu kwa upande mmoja, mbili na nusu kwa upande mwingine.

"Shule yangu inanyauka," Mkuu akasema. "Jumanne ilikuwa duara. Jana ilikuwa yai. Leo ni nini, mwalimu?"

Nikasema huenda ni hali ya hewa. Karatasi husinyaa.

"Na nzi?" akauliza Hakuna.

Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akitamka neno jingine. Likamfungulia njia. Akasema ameitunza stoo hii miaka ishirini na sita, ameshapokea maombi yenye chai, yenye machozi, moja lenye damu ya pua. Lakini ombi linalofuatwa na nzi hajapata kuliona. Tangu Jumatano wamehamia kwenye faili lake.

Mkuu akanyoosha mkono, kiganja juu. Nilikuwa nimeuhamishia mfukoni, nikautoa. Ulikuwa umeota ukungu mweupe, hasa juu ya mwenge, kama moshi. Akauweka kwenye kisosi. Tukauangalia sote wanne. Naapa, kwa kazi ya wembe na sindano haukuwa mbaya.

"Kwa hiyo kugeuza herufi unajua," Mkuu akasema.

Sikumwelewa. Akaonyesha dirishani, ambako bango langu lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, INEGM UBIRAK, likipigwa na upepo.

"Ukighushi unageuza. Ukifundisha unasahau."

Nikamfukuza nzi aliyetua kwenye kisosi.

Hukumu. Jina la somo limeshapelekwa kwa mkaguzi, haliwezi kubadilishwa: vibao vya kuchapia, Darasa la Tano. Lakini atakayefundisha ni Bikari, pamoja na vioo vyake, kwa kuwa yeye angalau anajua bango linasema nini. Mimi nitakaa nyuma ya darasa. Kazi yangu itakuwa kubadilisha maji ya kuoshea brashi. Barua ya tatu itaandikwa baada ya ugeni kuondoka.

Nilipotoka, Bikari alinifuata koridoni. Akasema anasikitika, na kwamba angependa nimwelekeze jinsi Swali alivyotengeneza yule samaki. Nikamjibu ni siri ya fani. Kweli ni kwamba sijui. Alifanya mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemweleza mke wangu yote kwa mkupuo mmoja, kama anayemeza kwinini. Alimaliza pindo la sketi kwanza. Akakata uzi kwa meno. Akauliza uhamisho wenyewe unaweza kuwa umbali gani. Nikasema sijui.

Akaitazama cherehani yake. Akaitazama rafu ya vitambaa, kila kimoja na karatasi ya jina la mwenyewe. Nami nikaanza kurekebisha kitasa ambacho hakikuwa kibovu.

Mwishowe akasema Jumatatu niende mapema kabla ya watu, nimwombe Mkuu radhi kwa mdomo wangu, bila kupamba.

"Sema 'nimekosa', halafu nyamaza," akasema. "Hapo pa kunyamaza ndipo pagumu kwako, baba."

Nikaahidi. Na nilikuwa na nia kabisa.

Jumapili, 15 Juni

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati. Sehemu ya kwanza nimeiweza. Nilipofika kwenye kunyamaza, nikapata wazo.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefika shuleni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa ajili ya radhi, ndiyo. Lakini Mkuu alikuwa hajafika, darasa lilikuwa wazi, na ndoo tatu za rangi zilikuwa zimepangwa chini ya ubao, nyekundu, buluu, kijani, hazina mlinzi.

Mpango ulikuwa hivi. Naiharibu rangi. Bikari anaaibika mbele ya mkaguzi. Nainuka kutoka nyuma, mtulivu, nafungua mkoba wenye viazi kumi vilivyokwisha kuchongwa na pedi yangu ya wino. Naliokoa somo. Mkuu analia. Barua haiandikwi.

Nikamimina sabuni ya maji, kikombe kizima kila ndoo. Nikaongeza uji wa wanga ambao mke wangu hukazia kola, uliobaki Jumamosi. Nilikuja nao kwenye chupa ya chai. Nikakoroga kwa fimbo ya ubaoni. Mchanganyiko ukawa mzito, unavutika, una mapovu. Ulitisha. Nikaridhika.

Saa tatu mkaguzi akaingia. Bwana mnene, viatu vinang'aa, sauti ndogo kama anaongea karibu na mtoto aliyelala. Bikari akamkabidhi kioo. Akalisoma bango kwenye kioo, KARIBU MGENI, akacheka peke yake. Kisha akalisoma tena. Watoto wakaambiwa waanze. Nikashika ndoo yangu ya maji machafu, nikangoja maafa.

Rangi ikashika.

Ilishika kwenye kiazi, ilishika kwenye uzi, ilishika kwenye kizibo. Ilishika kwenye MPIRA! Haikuteleza, haikufanya tone hata moja. Nyota zilitoka na ncha zote tano. Watoto walikuwa wanachapa na kupiga kelele, wanachapa na kupiga kelele. Bikari mwenyewe alisahau kuzunguka. Mkaguzi akapiga magoti sakafuni, na ile suruali yake ya pasi, akamwomba Swali zamu. Swali akamuuliza kama amenawa mikono. Akaenda akanawa! Akarudi akachapa yule samaki mara saba, mstari mmoja, wote wakielekea upande ule ule.

Aliposimama magoti yake yalikuwa ya buluu. Akasema amezunguka shule nyingi, na kote mpira unaikataa rangi ya unga, walimu wanakata tamaa wanarudi kwenye chaki. Hapa siri ni nini? Nani amechanganya rangi hii?

Bikari ana ugonjwa wa kusema kweli. Akajibu hajui.

Kinywa changu kikafunguka kabla sijakishauri. Nikasema ni mimi.

Mkaguzi akatoa daftari. Akauliza nimetia nini. Sabuni ya maji na uji wa wanga, nikasema, na wakati huo nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Lini?" akauliza Mkuu, taratibu, kutoka mlangoni. Rangi hiyo aliijaribu mwenyewe Ijumaa jioni, na ilikuwa haishiki.

Nikasema leo. Saa kumi na mbili na nusu.

"Ulikuwa unafanya nini darasani saa kumi na mbili na nusu?"

Swali akanyoosha mkono. Akauliza: kama mwalimu alijua sabuni inasaidia, mbona Jumatano alisema madoa ni mtindo?

Watoto arobaini na mmoja walinigeukia. Nilikuwa na majibu manne tayari, mawili yakiwa mazuri sana. Nikamwona Swali ameshika kisanduku chake kwa mikono miwili, anangoja kwa dhati, kwa sababu yeye akiuliza huwa anataka kujua. Nikasema nimekosa.

Hapo ndipo ningenyamaza. Nilikumbuka kabisa. Lakini nilikuwa nimeshaanza kufafanua. Nikaeleza mpango wa kuharibu, aibu ya Bikari, kuinuka kwangu kutoka nyuma, mpaka viazi vya mkobani nikavitoa nikavipanga mezani kama ushahidi. Bikari alisikiliza yote, kisha akaokota kiazi kimoja, akakitazama, akasema kona zake zimepimwa vizuri. Afadhali angenizaba kibao.

Mkaguzi alikuwa anaandika muda wote. Niliposita akanyanyua kichwa. Akauliza kikombe hicho cha sabuni kilikuwa cha ukubwa gani.

Jumanne, 17 Juni

Bikari ndiye anayekwenda chuo. Anachukua vioo, bango, na samaki saba wa Swali kwenye fremu. Mchanganyiko wa rangi umeingia kwenye ripoti kama "ubunifu wa shule". Jina langu halimo. Nimeisoma mara tatu.

Mchana Mkuu akaniita. Barua ilikuwa mezani, nimeisoma kutoka upande wa pili, ukurasa mzima, na neno "uhamisho" limepigiwa mstari.

"Nimeiandika," akasema. "Sijaigonga muhuri."

Nikangoja. Akaniambia asubuhi Swali alimfuata ofisini. Miaka mitano mtoto huyo amekuwa akirudisha karatasi tupu, kila somo la kuchora, kila mtihani wa kuchora. Leo alikwenda kuomba karatasi nyingine. Ile aliyopewa imejaa.

"Wewe ni mwongo, mwalimu," Mkuu akasema. "Lakini karatasi hiyo si ya uongo. Nimeshindwa kuiweka upande gani."

Barua imerudi kwenye droo. Itakaa humo mpaka mwisho wa mwaka, na muhuri uko karibu nayo, amesema. Wakati Bikari hayupo nitafundisha hesabu Darasa la Sita. Safari hii nilinyamaza! Nadhani ni kwa sababu koo lilikuwa limekauka.

Mke wangu aliposikia alisimamisha cherehani. Akafunika uso kwa kitambaa cha mteja, akakaa hivyo kidogo. Kisha akasema bado anataka kandambili zake, chupa yake ya chai, na viazi kumi na vitano. Nikamwambia nimebadilika, ataona. Akawasha cherehani.

Jumatatu, 23 Juni

Bikari ameondoka na masanduku mawili. Ameniachia Darasa la Sita, ratiba, na kitabu chake cha kiongozi cha mwalimu, kila ukurasa umewekewa alama. Nilipanga kukisoma jana.

Leo kipindi cha kwanza ni eneo la duara. Nakumbuka kuna pai. Nakumbuka ishirini na mbili imo, na chini yake kuna kitu. Wanafunzi arobaini na wanne, kalamu juu. Mvulana wa dawati la mbele akauliza pai ni ngapi. Kukiri kwamba sikumbuki lingekuwa jambo rahisi. Nilifikiria hivyo baadaye, nikiwa nakunywa chai.

Nikawaambia pai imebadilishwa. Muhula huu. Ile ya zamani ilikuwa na mikia mingi, ikiwachosha watoto bure. Kamati imekaa, imeipunguza, sasa ni tatu kamili. Darasa zima likashangilia. Wengine walipiga madawati. Wakaandika wote, kwa wino, wakapigia mstari.

Yule wa mbele akauliza mwenyekiti wa kamati ni nani, wangependa kumwandikia barua ya shukrani.

Nimewapa jina langu. Nimeliandika ubaoni, wasikosee tahajia.